iPad, Samsung au kishikwambi cha bei ya chini: kipi kimfae mtoto mwenye mahitaji maalumu?

Wazazi wanaokuja kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu kuuliza wanunue kishikwambi gani huwa tayari wana picha mbili tatu kwenye simu, walizotumiwa na muuza duka, kila moja na bei yake chini. "Mwalimu, kati ya hivi kipi kizuri?" Nami huwajibu kwa swali, jambo ambalo najua huwaudhi baadhi yao: mtoto anakwenda kukitumia kwa kazi gani? Kwa mtoto asiyesema, kifaa hicho kinakwenda kuwa mdomo wake. Kwa mwenye uoni hafifu kitakuwa miwani na kitabu kwa pamoja. Kwa mwenye ulemavu wa akili anayejifunza mwaka wa pili sasa kuhesabu hadi kumi, kitakuwa daftari lisilochoka kurudia. Vifaa ninavyovilinganisha hapa havizimudu kazi hizo tatu kwa usawa, na kinachoongoza katika moja huachwa nyuma katika nyingine.

Vyenyewe ni aina tatu. Ya kwanza ni iPad ya kawaida ya Apple, si Air wala Pro, ambazo zina nguvu mtoto asiyoihitaji. Ya pili ni Samsung Galaxy Tab A9 na kaka yake A9+, zilizotoka Oktoba 2023 na ambazo nazichukua kama mfano wa vishikwambi vya Android vya bei ya kati. Ya tatu ni vile vya watoto vya inchi 7, vyenye kava nene la mpira la bluu au la waridi, vinavyouzwa kwa majina mengi ambayo hata muuzaji hawezi kukueleza kiwanda chake. Baadhi ya walimu Tanzania wana aina ya nne, yaani vile vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 kisha vikagawiwa shuleni. Hivyo ni vitendea kazi vya mwalimu, na sivijumuishi.

Kufuli

Naanzia hapa kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. Mtoto mwenye usonji akishapata kishikwambi huijua njia ya kwenda kwenye video kabla hujakunja boksi lake, na akishaingia huko, somo la siku hiyo limekwisha na kilio cha kumtoa kimeanza. Kifaa kisichoweza kumfungia ndani ya programu moja hakitamfundisha, hata kiwe na kasi kiasi gani.

Katika hili iPad imewapita wenzake kwa mbali. Tangu mwaka 2012 ina kipengele kiitwacho Guided Access, kilichomo kwenye mipangilio yake upande wa Accessibility. Ukishakiwasha, unafungua programu unayoitaka, unabonyeza kitufe cha juu mara tatu, au kile cha mbele kwa zile zenye nacho, na mtoto hawezi kutoka mpaka uandike namba yako ya siri. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba unaweza kuzungusha kidole kuzunguka sehemu ya kioo usiyotaka aiguse, labda kitufe cha kurudi nyuma au cha kuruka swali, na sehemu hiyo ikafa kabisa hadi utakapoifungua. Unaweza pia kuweka muda, dakika kumi na tano kwa mfano, kifaa kikajifunga chenyewe. Kwa mtoto anayekasirika akinyang'anywa, kuzimwa na mashine ni tofauti sana na kuzimwa na mama.

Android nayo ina kufuli yake tangu toleo la 5 la mwaka 2014. Kwa Kiswahili cha mipangilio inaitwa kubandika programu, na ukiiagiza idai namba ya siri wakati wa kutoka inafanya kazi vizuri, isipokuwa haizimi sehemu ya kioo: tangazo likichomoza ndani ya programu uliyoibandika, kidole cha mtoto kitalifikia tu. Samsung wameongeza uwanja wao wa watoto, Samsung Kids, ambamo mzazi huchagua programu zitakazoonekana na muda wa matumizi kwa siku. Hiyo inamtosha mtoto anayetangatanga kwa udadisi wa kawaida. Kwa mtoto anayebonyeza kila kinachometa, ningeitafuta iPad, hata iliyotumika.

Vile vya mpira huja na ukurasa wao wa watoto wenye wanyama na puto. Kimoja nilichokishika kilifungwa kwa namba ya siri vizuri tu, lakini ukikizima na kukiwasha kinarudi kwenye ukurasa wa kawaida bila kuuliza chochote. Mwanafunzi aliyekuwa nacho aligundua hilo siku ya pili.

Kitasema lugha gani?

Swali hili wazazi hawaliulizi, na wauzaji hawalijui. Mtoto asiyesema hutumia programu ya mawasiliano yenye picha: anagusa picha ya maji, kifaa kinatamka neno. Mtoto asiyeona hutumia kisoma-skrini, kinachomtamkia kila anachokigusa. Zote mbili hutegemea sauti ya mashine iliyomo ndani ya kifaa, na sauti hiyo ama inajua Kiswahili ama haijui.

Kwa Android jibu ni jepesi. Sauti ya Google inayokuja na vifaa hivi inasoma Kiswahili, na TalkBack, kisoma-skrini chake, inaweza kuitumia. Tangu 2017 Google pia wanaandika kwa Kiswahili maneno unayoyatamka, jambo linalomsaidia mtoto mwenye shida ya kuandika lakini mwenye maneno mengi kichwani. Kuna vilevile eSpeak NG, sauti ya bure inayosoma Kiswahili. Ina ukavu wa roboti, ila baadhi ya wasioona huipenda kwa sababu hubaki ikisikika hata ikiharakishwa.

Kwenye iPad ambazo nimezishika sikukuta Kiswahili katika orodha ya sauti. VoiceOver yake ni kisoma-skrini kizuri mno, pengine ndicho kizuri kuliko vyote, lakini ukikipa sentensi ya Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza kinaitafuna. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji afungue orodha hiyo mbele yako, kwa kuwa matoleo hubadilika.

Njia ya kulikwepa tatizo ipo, na mimi naipenda kuliko dawa zote za kiufundi: rekodi sauti yako. Programu kadhaa za mawasiliano huruhusu kila picha iwekewe sauti iliyorekodiwa. Mama mmoja alikuja na iPad aliyoletewa na nduguye wa Ulaya, na tulipoandika "nataka maji" ikatamka kitu ambacho mwanawe wa miaka saba alikitazama kisha akasukuma kifaa pembeni. Mama akarekodi maneno yale kwa sauti yake, nusu akicheka kwa aibu. Mtoto aligusa picha, akageuka kumtazama mama, akagusa tena. Mpaka saa sita mchana mezani palikuwa na vikombe vitano vya maji ambavyo hakuvinywa, kwa sababu kila alipogusa ilibidi aletewe. Ndiyo masharti ya mafunzo hayo, neno likitamkwa lizae kitu.

Programu za mawasiliano zenyewe

Wazazi walio nje, hasa Uingereza na Marekani, huulizia Proloquo2Go, kwani ndiyo waliyoiona kwa wataalamu wa huko. Ni programu iliyopangwa kwa akili sana, ila haipo kwa Android, inauzwa dola 249.99, na Kiswahili si miongoni mwa lugha zake. Bei hiyo peke yake inatosha kununua kishikwambi kingine. Familia inayoishi huko, ambayo mtoto anasoma kwa Kiingereza, ina kila sababu ya kuichukua pamoja na iPad, hasa pale shule au bima inapolipia. Familia inayozungumza Kiswahili nyumbani ijiulize mara mbili.

LetMeTalk ni ya bure, ipo kwa Android na kwa iPad, na hufanya kazi bila bando. Inatumia maelfu ya picha za ARASAAC, hazina ya picha za mawasiliano iliyotengenezwa Aragón nchini Hispania na kuachwa huru kwa matumizi yasiyo ya biashara. Picha hizo ni nzuri ingawa zimetoka mbali: mkate umo wa kila umbo, ugali utautafuta sana. Kwa hiyo piga picha sufuria yako mwenyewe, bajaji anayopanda kwenda kliniki, bibi yake, choo cha nyumbani kwenu, uziweke humo. Cboard nayo ni ya bure na hufunguka hata kwenye kivinjari, na maneno yaliyo chini ya picha unaweza kuyaandika kwa Kiswahili mwenyewe. Kwa programu hizi mbili iPad haina ziada ya maana juu ya Samsung, na hata kile cha mpira kinajitahidi, ilimradi spika yake isikike. Hapo jaribu barazani penye watu wanaoongea, maana dukani kila spika husikika.

Mkono na jicho

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hagusi kioo kama wewe. Kiganja hutangulia, kidole huburuta, gusa moja huwa tatu. iPad na Samsung zote zina mpangilio wa kudai kidole kitulie kidogo kabla ya kuhesabiwa, na wa kupuuza gusa zinazofuatana haraka. Nusu saa ya kuutafuta muda unaomfaa mtoto wako inaweza kubadilisha kila kitu. Zote mbili pia hukubali swichi, yaani kitufe kikubwa cha nje kinachounganishwa kwa Bluetooth: programu inapita juu ya picha moja baada ya nyingine, naye anabonyeza kwa ngumi, kiwiko au shavu inapofika aitakayo. Mpangilio wa iPad wa swichi ni wa kina zaidi. Tangu mwaka 2024 iPad kuanzia kizazi cha 10 zinaweza hata kufuata macho ya mtumiaji bila kifaa cha ziada, ingawa kichwa lazima kitulie, na watoto wengi wanaohitaji huduma hiyo ndio hasa ambao vichwa vyao havitulii.

Vioo vya vile vya bei ya chini ndivyo vinavyonikatisha tamaa kuliko yote. Vinachelewa kuitika; mtoto anagusa, hakuna kitu, anagusa tena kwa nguvu, vinaitika vyote kwa mpigo. Mtoto asiye na shida ya mkono atavumilia. Mwenye shida hiyo atajifunza kwamba kugusa hakuleti kitu, na somo hilo likishaingia ni kazi kulitoa.

Kwa uoni hafifu, wakiwemo watoto wenye ualbino ambao katika madarasa yetu si wachache, ukubwa wa kioo hutangulia jina la kampuni. A9+ ina inchi 11 na uzito wa gramu 480. iPad ya kizazi cha 10 ina inchi 10.9 na gramu 477, kwa hiyo mkononi ni mapacha. A9 ndogo ina inchi 8.7 na gramu 332, nyepesi kwa mtoto mdogo au mwenye mikono dhaifu, lakini herufi zikikuzwa sana humeza mstari mzima. Vya inchi 7 hapa havifai. Zote kubwa mbili hukuza maandishi na kugeuza rangi ili herufi nyeupe zikae juu ya weusi, mpangilio ambao watoto wengi wenye ualbino huupumzikia. Ongeza protekta isiyong'aa. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akikipeleka kishikwambi chini ya meza kila tunapoanza kusoma, nikadhani anacheza, kumbe alikuwa anakikwepesha mwanga wa dirisha uliokuwa ukirudi kwenye kioo na kumchoma macho.

Masomo yenyewe

Kwa kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili tuna bahati ambayo lugha nyingi za Afrika hazina. Shindano la Global Learning XPRIZE lilifanya majaribio yake mkoani Tanga, katika vijiji vilivyo mbali na shule, ambako watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vya Android vyenye programu za Kiswahili na kuvitumia kwa miezi 15. Mwaka 2019 washindi wawili waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10: Kitkit School na onebillion. Majaribio hayo hayakuwa ya watoto wenye ulemavu, lakini Kitkit imetengenezwa na Enuma, kampuni iliyoanzishwa na wazazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, na inaonekana: vitufe ni vikubwa, kosa halipigiwi kelele, zoezi hurudiwa bila kumwaibisha mtoto. Nayo onebillion ilitumika Malawi, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia watoto wenye mahitaji maalumu wakijifunza hesabu. Walisonga mbele, ila polepole kuliko wenzao. Hilo la polepole mzazi alibebe moyoni anaponunua, kwa sababu maana yake ni kwamba kifaa hicho lazima kidumu miaka.

Kazi iliyotokana na shindano hilo iliwekwa wazi kwa ajili ya Android, na hapa ndipo Samsung inapata pointi zake. Inapata nyingine kwa kadi ya kumbukumbu: A9 na A9+ hupokea kadi, iPad haipokei, hivyo video za Ubongo Kids na Akili and Me unaweza kuzijaza mara moja penye Wi-Fi na kumwekea mtoto bila bando. Mtoto kiziwi huhitaji nafasi hiyo kuliko wote, maana masomo yake ni video tupu. Vitabu vya hadithi vyenye lugha ya alama vya eKitabu ya Nairobi ni vizuri, lakini vingi ni vya Lugha ya Alama ya Kenya. Mtoto wa Tanzania anayefundishwa alama za kwetu atakutana na ishara asizozijua, basi muulize mwalimu wake kwanza.

Jambo dogo lenye uzito: tundu la spika za masikioni. Samsung hizi mbili zinalo. iPad ya kizazi cha 9 ya mwaka 2021 ndiyo ya mwisho kati ya iPad za kawaida kuwa nalo, pamoja na kitufe cha mbele ambacho mtoto hukipata kwa kupapasa. Baada ya hapo unahitaji kiunganishi cha USB-C, au spika za Bluetooth, ambazo nazo hudai chaji na hupotea. Darasani penye watoto wanane na vishikwambi vinne, spika za waya ndizo zinazoleta amani.

Pesa, na tahadhari za dukani

iPad ya mwaka 2025 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 349, na ikifika huku huwa imeongezewa usafiri, ushuru na faida ya kila mkono uliopita. A9+ ilianzia dola 219.99 hukohuko. Ndiyo maana wengi huchukua iPad iliyotumika, na si uamuzi mbaya, isipokuwa hakikisha mwenye nayo wa kwanza ameondoa akaunti yake: ikiwa imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, itabaki kuwa ubao wa kukatia vitunguu. Ifute mbele ya muuzaji, iwashe upya, uone kama inakudai nenosiri la mtu usiyemjua.

Vile vya bei ya chini vikague kwa macho makavu. Stika ya nje inaweza kuandika kumbukumbu ya gigabaiti 512 na mipangilio ya ndani ikaonyesha 16. Fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya maelezo, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ulinzi wa Google; kisipothibitishwa, kiache. Na kama unachonunua kina laini, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI na, kwa Tanzania, itume kwenda 15090 kuona kama ni halisi. Sisemi vyote ni takataka. Kwa mtoto asiye na shida ya mkono wala jicho, anayehitaji picha ishirini tu za mawasiliano na anayetupa vitu, kifaa cha bei nafuu kilichovaa mpira kinaweza kuwa na busara kuliko iPad inayomfanya baba ashike roho kila ikiinuliwa.

Ndugu walio Marekani hupenda kutuma Amazon Fire za watoto, wakisifia kwamba zikivunjika ndani ya miaka miwili hubadilishwa. Mpaka irudishwe huko na kuletwa tena, mtoto ameshahama darasa. Haina Play Store, kwa hiyo programu nyingi nilizozitaja hazitaingia kwa njia ya kawaida. Waombe pesa hizo zinunue Samsung.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye usonji anayetorokea video, au wa mtoto ambaye mkono wake unahitaji swichi, namwambia atafute iPad, na sauti arekodi mwenyewe. Wa mtoto asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, au anayejifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, namwambia A9+ na kadi ya kumbukumbu. Akiweza, aje na mtoto dukani, amwache akishike kwa dakika kumi, amwangalie vidole badala ya kumsikiliza muuzaji.

Na akishanunua kwa ajili ya mawasiliano, siku hiyohiyo apige picha ukurasa wa maneno ya mtoto, auchapishe kwa rangi, autie laminesheni na kuufunga kwa kamba nyuma ya kava. Umeme utakatika, chaji itaisha katikati ya safari ya daladala, na mtoto atahitaji kusema kwamba anataka kukojoa.